Leonhard Euler na Namba Yake Kubwa

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake hakuwa mfalme wala jemadari, na hakuvumbua mashine yo yote. Alikuwa mtu wa hesabu, na jina lake ni Leonhard Euler, ambalo Wajerumani hulitamka Oila. Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha kutumia kazi yake bila kujua. Mwalimu anapoandika f(x) ubaoni, anafuata mwandiko ulioanzishwa na Euler, na ile alama ya pai tunayoitumia katika duara, ingawa si yeye aliyeibuni, ndiye aliyeieneza mpaka ikakubaliwa na watu wote.

Lakini mimi sitaki kusema habari za alama. Nataka kueleza jinsi mtu huyu, akiwa mzee na karibu kipofu kabisa, alivyoichukua namba moja, 2,147,483,647, akaihukumu ni ya jamii gani, na hukumu yake haijatenguliwa hata leo. Darasani hesabu tunafundishwa kwa Kiingereza, na rafiki yangu mmoja alinionya kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Nimetumia maneno tuliyofunzwa katika shule ya msingi, na wasomaji wataamua wenyewe kama yametosha.

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1707, katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alitaka mwanawe awe mchungaji pia. Walakini mzee huyo mwenyewe aliwahi kusoma hesabu ujanani, na ndiye aliyemfundisha mtoto hatua za kwanza, jambo ambalo kwa maoni yangu lilimharibia mpango wake mwenyewe. Kijana aliingia chuo kikuu cha Basel akiwa na umri wa miaka 13. Huko alikuwako Johann Bernoulli, mtu aliyesifiwa sana kwa hesabu katika Ulaya nzima. Bernoulli hakuwa na nafasi ya kumfundisha kijana mdogo peke yake, lakini alimpa vitabu vigumu akavisome mwenyewe, na kila Jumamosi alasiri alimruhusu kuja nyumbani kwake na maswali yaliyomshinda. Euler akajitahidi kupunguza maswali hayo kadiri alivyoweza, ili asimchoshe mwalimu. Baada ya muda Bernoulli akaenda kwa baba yake, akamweleza kwamba kijana huyu hakuumbwa kwa ajili ya mimbari. Baba akakubali.

Uswisi haikuwa na kazi ya kumpa. Basi mwaka 1727, akiwa na umri wa miaka 20, Euler akasafiri mpaka St. Petersburg katika Urusi, ambako kulikuwa kumefunguliwa chuo kipya cha wataalamu, na ambako Daniel Bernoulli, mwana wa mwalimu wake, alikuwa ametangulia. Kwanza alipewa nafasi upande wa uganga, kisha akahamia upande wa hesabu na fizikia. Alitumika pia kwa muda katika jeshi la majini la Kirusi. Mwaka 1733 Daniel aliporudi kwao, Euler akawekwa kuwa mkuu wa hesabu mahali pake, na mwaka uliofuata akamwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji aliyetoka Uswisi kama yeye. Wakazaa watoto 13, lakini watano tu ndio waliopita umri wa utoto. Wengine wote waliwazika.

Mwaka 1735 Euler aliugua homa kali sana, na kufika mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kupotea. Yeye mwenyewe aliilaumu kazi ya kuchora ramani, iliyomkalisha akikodolea macho mistari midogo usiku na mchana.

Ilikuwa katika miaka ile ya kwanza ya Urusi kwamba Euler alianza kuzishughulikia namba kubwa. Alikuwako mtu mmoja, Christian Goldbach, aliyependa sana mafumbo ya namba, na mwaka 1729 alimwandikia Euler kumwuliza kama anajua neno lililosemwa na Pierre de Fermat. Huyo Fermat alikuwa mwanasheria wa Ufaransa aliyekufa mwaka 1665, bingwa wa namba katika wakati wake. Neno lenyewe lilikuwa hivi. Anza na 1, uiongeze maradufu mara moja, kisha jumlisha 1: unapata 3. Ongeza maradufu mara mbili, ujumlishe 1: unapata 5. Mara nne: 17. Mara nane: 257. Mara kumi na sita: 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki kwa namba nyingine yo yote ila 1 na zenyewe. Fermat aliamini kwamba ukiendelea hivyo, kila hatua ukizidisha idadi ya mara kwa mbili, utapata namba tasa siku zote. Hakuwa na uthibitisho, lakini kwa kuwa aliyesema ni Fermat, watu waliona ni kweli.

Namba inayofuata hutoka ukiongeza maradufu mara 32, nayo ni 4,294,967,297. Nani angeweza kuikagua? Kuangalia kama namba kubwa namna ile ni tasa, huna budi kuigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine mpaka ufikie kipeuo chake cha pili, ambacho ni zaidi ya 65,000. Ni kazi ya miezi, na mtu akikosea tarakimu moja katikati, kazi yote ni bure.

Euler hakuanza kwa kugawa. Alianza kwa kuuliza: kama namba hii ina kigawo, kigawo hicho kitakuwa na sura gani? Akatambua kwamba lazima kiwe namba ambayo ukiigawa kwa 64 inabaki 1. Mara moja umati wa namba ukapungua. Namba tasa za sura hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641, na kuendelea. Nne za kwanza zinashindwa. Ya tano inagawanya: 641 mara 6,700,417 ni 4,294,967,297 kamili, na msomaji mwenye penseli anaweza kuhakikisha sasa hivi. Euler alitangaza jambo hilo mwaka 1732. Sifa kubwa ya Fermat haikuweza kufanya lo lote mbele ya majaribio matano ya kugawa.

Habari hii naipenda kuliko nyingine zote katika maisha ya Euler. Sisi wanafunzi tumezoea kwamba jambo lililoandikwa kitabuni na mtu mkubwa limekwisha. Euler alimheshimu Fermat kuliko watu wote, akatumia miaka mingi kutafuta uthibitisho wa maneno aliyoyaacha bila uthibitisho, na mengi aliyakuta ni kweli. Hili moja alilikuta si kweli, akasema si kweli.

Sasa nije kwenye namba yetu. Kuna jamii ya namba ambayo Wayunani wa kale waliipa heshima kubwa, nayo ni namba kamilifu. Namba kamilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, unaipata yenyewe. Sita ni kamilifu, kwa maana 1 na 2 na 3 ni 6. Ishirini na nane ni kamilifu, kwa maana 1, 2, 4, 7 na 14 ni 28. Zinazofuata ni 496 na 8,128, na baada ya hapo zinakuwa adimu sana. Euclid, aliyeandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alionyesha njia ya kuzipata. Anza na 1, ongeza maradufu mara kadhaa, kisha toa 1. Ikiwa ulichopata ni namba tasa, basi ndani yake mna ufunguo wa namba kamilifu. Mara mbili ukitoa 1 ni 3, na 3 mara 2 ni 6. Mara tatu ukitoa 1 ni 7, na 7 mara 4 ni 28. Baadaye Euler alithibitisha kwamba njia hiyo ya Euclid ndiyo pekee kwa namba kamilifu zote zinazogawanyika kwa mbili.

Basi swali likawa: ni mara ngapi za kuongeza maradufu ndizo zinazotupa namba tasa? Idadi ya mara lazima yenyewe iwe tasa, lakini hiyo haitoshi. Ukiongeza mara 11 ukatoa 1 unapata 2,047, nayo ni 23 mara 89. Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Paris, Marin Mersenne, alichapa orodha ya idadi zinazofaa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Namba za jamii hii huitwa kwa jina lake mpaka leo. Walakini hakuna aliyeweza kujua kama orodha ile ni kweli, wala Mersenne mwenyewe hakuwa na njia ya kuzikagua namba zote hizo. Baada ya muda mrefu sana ilikuja kuonekana kwamba orodha ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazifai, na 61, 89 na 107 zilisahauliwa.

Mpaka 19 mambo yalikuwa yamekwisha kuhakikishwa na Mwitaliano Cataldi, aliyegawa na kugawa mpaka akamaliza. Huyo Cataldi alitaja na idadi nyingine, kama 23, 29, 31 na 37. Fermat alizivunja 23 na 37 mwaka 1640, na Euler akaivunja 29 mwaka 1738. Ikabaki 31. Ukiongeza 1 maradufu mara 31 unapata 2,147,483,648. Toa 1, unapata namba yetu. Je, ni tasa au si tasa? Swali hili lilikaa wazi zaidi ya miaka 120 tangu orodha ya Mersenne.

Kwanza Euler akahama. Mwaka 1741 mambo ya Urusi yalikuwa yamechafuka, naye akakubali mwaliko wa mfalme Frederick wa Prusia, akaenda Berlin, akakaa huko miaka 25. Aliandika vitabu vingi mno, lakini mfalme hakumpenda. Frederick alitaka watu wenye maneno matamu mezani, na Euler alikuwa mtu wa kawaida, mcha Mungu, asiyejua kubishana kwa madaha. Mfalme akamfanyia mzaha kwa ajili ya jicho lake, akimlinganisha na lile jitu la hadithi za Kiyunani lililokuwa na jicho moja tu. Mwaka 1766 Euler akarudi St. Petersburg kwa wito wa malkia Catherine wa Pili, akapokewa kwa heshima kubwa.

Lakini mara tu baada ya kurudi, jicho la kushoto nalo likaanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1771 msiba ukaja juu ya msiba. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na nyumba yake ikaungua. Fundi mmoja mzaliwa wa Basel kama yeye aliingia ndani, akamtoa mzee huyo akimbeba mgongoni. Karatasi zake nyingi ziliokolewa. Mwaka huohuo madaktari wakampasua jicho, naye akaona tena kwa siku chache, kisha jicho likaingia ugonjwa, na nuru ikatoweka. Miaka miwili baadaye mkewe akafariki.

Mtu angefikiri kwamba kazi yake ilikwisha hapo. Kinyume chake, karibu nusu ya maandishi yake yote, ambayo ni zaidi ya 800, yalitoka katika miaka hiyo ya giza. Alikuwa na bamba kubwa la kuandikia, na juu yake aliandika kwa chaki tarakimu kubwa sana ambazo bado aliweza kuzitambua kwa shida. Mengine yote aliyasema kwa mdomo, na wanawe pamoja na wasaidizi wakayaandika. Mmoja wa wasaidizi hao, Nicolaus Fuss, aliletwa kutoka Basel mwaka 1773 akiwa kijana wa miaka 18, sawa na umri wa wenzetu wengi. Kumbukumbu ya Euler ilikuwa ya kushangaza. Alikijua kwa moyo kitabu cha Virgil kiitwacho Aeneid, tangu mwanzo hata mwisho, na aliweza kutaja mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ukurasa wa nakala aliyoisoma ujanani. Husimuliwa pia kwamba wanafunzi wake wawili walijumlisha hesabu ndefu wakatofautiana kwenye tarakimu ya hamsini, na mzee akaifanya upya kichwani ili awaamue.

Ni katika hali hiyo kwamba, mwaka 1772, Euler alieleza katika barua aliyomwandikia mtu wa ukoo uleule wa Bernoulli kwamba ameikagua 2,147,483,647, na kwamba ni namba tasa.

Namna alivyoikagua inastahili kuelezwa polepole. Kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 46,340 na kitu. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Mtu wa kugawa tu angezipitia zote. Euler akauliza swali lilelile la ujana wake: kigawo, kama kipo, kitakuwa na sura gani?

Chukua namba tasa ndogo, tuseme 7. Andika 2, 4, 8, 16, 32, 64, na kila moja uigawe kwa 7 uangalie baki. Utapata 2, 4, 1, kisha tena 2, 4, 1, bila kukoma. Baki zinazunguka kama watu wachezao ngoma ya duara, na duara la 7 lina hatua 3. Ukifanya hivyo kwa 5 utapata 2, 4, 3, 1, yaani hatua 4. Kwa 23 ni hatua 11. Sasa angalia: 3 inagawanya 6, ambayo ni 7 ukitoa 1. Nne inagawanya 4, ambayo ni 5 ukitoa 1. Kumi na moja inagawanya 22, ambayo ni 23 ukitoa 1. Fermat aliliona jambo hili, na Euler ndiye aliyechapa uthibitisho wake kwa mara ya kwanza: hatua za duara siku zote hugawanya namba tasa ile iliyotolewa 1.

Basi tuseme kuna namba tasa inayogawanya namba yetu. Maana yake ni kwamba baada ya kuongeza maradufu mara 31, baki inarudi kuwa 1. Kwa hiyo duara la namba hiyo lina hatua 31, au hatua zinazogawanya 31. Lakini 31 ni tasa, haigawanyiki! Duara la hatua moja haliwezekani, kwa kuwa baada ya hatua moja baki ni 2. Basi hatua ni 31 kamili, na 31 lazima igawanye kigawo hicho kilichotolewa 1. Tena, kwa kuwa namba yetu ni witiri, kigawo chake ni witiri pia, na ukikitoa 1 kinagawanyika kwa 2. Kwa hiyo ukikigawa kigawo hicho kwa 62, lazima ibaki 1. Yako na masharti mengine, ambayo uthibitisho wake ni mrefu zaidi, kwamba kikigawanywa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili, utaona kwamba kigawo kikigawanywa kwa 248 hakina budi kubakiza 1 au 63. Wanaotaka kuonja sheria hii kwa namba ndogo warudi kwenye 2,047: vigawo vyake ni 23 na 89, na vyote viwili vikigawanywa kwa 22 hubakiza 1.

Namba za sura hizo mbili, chini ya 46,340, ni 373 tu. Nyingi kati yake si tasa, kama 249 ambayo ni 3 mara 83, na hizo zinatupwa. Zinazobaki hazifiki mia moja. Kazi ya kugawa mara 4,700 imekuwa kazi ya kugawa chini ya mara mia, na hakuna hata moja iliyoachwa kwa kubahatisha.

Mimi na wenzangu wawili wa bweni letu tulijaribu Jumapili moja, bila kalkuleta, kugawa kwa zile tatu za kwanza. Kwa 311 tulipata baki 35. Kwa 1,303 tulipata baki 226. Kwa 1,489 tulipata baki 199. Kila moja tuliirudia mara mbili ili tuwe na hakika, na tulipomaliza kengele ya chakula ilikuwa imekwisha kulia. Mmoja wa wenzangu akauliza kwa nini tusiamini tu kwamba nyingine zote nazo zitabakiza kitu. Nikamjibu kwamba hivyo ndivyo Fermat alivyofanya. Tulikuwa watatu, tena tunaona. Yule mzee alikuwa na bamba lake la chaki na watu wa kumwandikia.

Kwa hukumu ile, namba 2,147,483,647 ikawa na vyeo vingi kwa pamoja. Ni namba tasa. Ni ya nane katika jamii ya Mersenne. Idadi yake ya maradufu, 31, nayo ni ya jamii hiyohiyo, kwa kuwa 31 ni 32 ukitoa 1. Na kwa njia ya Euclid inatupa namba kamilifu ya nane, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Kwa zaidi ya miaka 70 haikupatikana namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika katika kitabu chake cha namba kwamba ile namba kamilifu ya nane ndiyo kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa milele, kwa kuwa mambo haya ni ya ajabu tu bila faida, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Euler alifanya kazi mpaka saa yake ya mwisho. Tarehe 18 Septemba, 1783, asubuhi, alimfundisha hesabu mjukuu wake. Kisha akafanya hesabu za upandaji wa puto la hewa moto, maana mwaka huohuo Wafaransa walikuwa wamerusha puto la kwanza, na habari hiyo ilikuwa imeenea Ulaya nzima. Baada ya chakula akazungumza na mwenzake Lexell habari za njia ya sayari mpya ya Uranus, iliyogunduliwa miaka miwili kabla. Alasiri, akiwa pamoja na mjukuu wake, mshipa wa damu ulipasuka kichwani, akaanguka, na usiku ule akafa. Alikuwa na umri wa miaka 76. Bamba lake lilikutwa na hesabu za puto juu yake.

Barlow hakupata bahati na utabiri wake. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alihakikisha kwamba ukiongeza maradufu mara 127 na kutoa 1 unapata namba tasa ya tarakimu 39. Kisha zikaja kompyuta, na mwaka 2024 ikatangazwa namba ya jamii hiyohiyo inayotokana na kuongeza maradufu mara 136,279,841. Ina tarakimu zaidi ya milioni 41, na gazeti hili lisingetosha kuichapa hata kama lingetolewa kila siku kwa miaka mingi.

Na ile namba ya Euler haikukaa bure. Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu, na kwa mwandiko huo 2,147,483,647 ni 1 thelathini na moja zilizopangwa mfululizo. Kompyuta nyingi zilitengenezwa zikiwa na nafasi 32 kwa kila namba, moja ya alama ya kutoa au kujumlisha, na 31 za namba yenyewe. Basi namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni ileile aliyoihukumu mzee wa St. Petersburg. Mashine nyingi za namna hiyo huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia mwanzo wa tarehe 1 Januari, 1970, kwa saa ya Greenwich. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, tarehe 19 Januari, 2038, na kwa saa yetu ya Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde moja baada ya hapo, kompyuta yo yote ambayo haitakuwa imetengenezwa upya itasema kwamba ni mwezi wa Desemba, 1901.